Mstari Nilioacha Wazi

Kazini wananiita Sinema, na jina hilo nimelipenda miaka ishirini. Nalinda ghala la saruji, na kiunoni nina bastola ya kampuni, ile ya kizamani yenye silinda ya duara inayokaa risasi sita. Kila asubuhi nikimaliza kuikagua, nilikuwa nairudisha silinda ndani kwa kuitikisa kwa mkono mmoja tu, kacha! Wapakiaji wanapiga makofi. Wiki iliyopita silinda ikagoma kuzunguka. Msimamizi hakunionea huruma.

"Ukaguzi ni Ijumaa," alisema. "Iwe nzima, na uje na karatasi ya fundi mwenye kibali. La sivyo, vua sare ukapumzike nyumbani."

Nikazunguka mji siku mbili. Fundi wa kwanza alitaka kuigonga kwa nyundo, nikampokonya. Wa pili aliitia mafuta, akaipuliza, akanirudishia. "Hii inamtaka Jicho," alisema, "na kwake unakujua."

Nakujua sana. Jicho ni mume wa dada yangu, na miaka kumi na mmoja hatujasalimiana.

Zamani alikuwa na duka barabara kuu, na bastola zote za kampuni yetu zilipita mikononi mwake. Aliinua silaha kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja, akakuambia ulivyoidhulumu. Halafu wezi wakavamia ghala mchana kweupe, bastola yangu ikakwama, mwenzangu akakatwa panga la bega. Kikaoni nikaulizwa, nikasema Jicho ameniharibia, maana alikuwa ameitengeneza mwezi uleule. Kampuni ikamnyima kazi, duka likafungwa. Mama yetu akaapa mkwe huyo hatakanyaga tena kwake. Siku hizi anatengeneza cherehani uani kwake, na bastola moja moja kwa wanaomkumbuka, maana kibali bado anacho.

Nilimkuta ameinamia cherehani. Hakuinua uso.

"Umepotea njia?"

"Nimekuja kikazi, shemeji."

"Shemeji wa nani? Weka mezani."

Aliifungua, akahakikisha haina risasi, akaielekeza dirishani. Jicho moja likafumba. Nikajikuta nimesimama wima kama mshtakiwa, na nilimchukia kwa hilo.

"Imefanya nini?"

"Ilianguka ngazini. Pale ghalani."

"Ghala lile halina ngazi. Na ingeanguka ingekuwa na kovu, hii haina hata mkwaruzo. Huu mkono unaobeba silinda umepinda." Akavuta karatasi kwenye droo. "Andika."

Ndiyo desturi yake, hata enzi za duka. Karatasi ya fundi ina mstari wa chanzo cha ubovu, na mwenye silaha anaujaza kwa mwandiko wake, anatia saini. Usipojaza, hashiki bisibisi.

"Mbona mara ile hukunilazimisha?" nikamrushia.

"Ulisema una haraka. Nikakuonea haya kwa sababu ya dada yako, nikapokea karatasi yenye mstari wazi. Kosa langu kwenye kesi yako ni hilo tu."

Nilitamani kumzaba kofi. Nilitamani pia ardhi inimeze. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho kutwa na sina kazi nyingine ninayoijua, kwa hiyo nikashika kalamu: *Naifunga kwa kuitikisa kwa mkono mmoja.*

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kazi."

"Liongeze hilo."

Nikaliongeza. Akafungua skrubu, akautoa ule mkono, akaubana kwenye jiliwa katikati ya vipande viwili vya mti. Akawa anausukuma kidogo, anautazama dirishani, anausukuma tena. Saa mbili nzima hakuniambia hata keti. Mwishowe akaizungusha silinda kwa kidole, ikateleza bila kelele. Uzuri wa kazi ile uliniudhi.

"Mama watoto!" akaita. "Njoo usome mwandiko wa kaka yako."

Dada alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kanga. Alisoma mara moja, akarudia pale penye *tangu nianze kazi*. Amezeeka, sikuwa nimejua. Nilingoja anitukane, angalau nipate la kumjibu.

"Kamsomee mama," alisema, akinirudishia karatasi.

"Mama si tulimzika, dada."

"Mwaka wa tatu huu. Ulikuwa na miaka minane ya kumsomea."

Akarudi jikoni. Jicho alikwisha kuinamia cherehani yake. Nikaifunga bastola kwa mikono miwili, polepole, nikatoka bila kuagwa.