Michoro ya Castory wa Kibirizi

Castory, kuli wa mwalo wa Kibirizi, alichora tatuu ya kwanza kwa sababu ya mapenzi. Zilizofuata zote alichora kwa sababu ya ile ya kwanza, na hapo ndipo penye kisa.

Alikuwa na mchumba, Leonia, muuza samaki aina ya migebuka wa Katonga. Baba yake Leonia, Mzee Dismasi, alishatamka: mshenga aje kabla ya Kwaresima, na kijana mwenyewe awepo. Basi, hilo tu. Mtu mwingine angekwenda kutafuta mshenga. Castory akaenda kutafuta kinyozi.

Kinyozi huyo, Meshack, alinyoa asubuhi na kuchora tatuu jioni. Castory akamtajia jina la mchumba kama Waha tunavyolitaja, ulimi ukijiendea wenyewe kwenye R. Meshack naye Muha, akaandika alichosikia: REONIA, kwa herufi kubwa, mkono wa kulia. Wakalisoma wote wawili, wakaliona liko sawasawa.

Leonia, aliyesomeshwa na masista, hakuliona sawasawa.

"Reonia ndiyo nani?"

"Si wewe?"

"Mimi naanza na L. Huyo wa R umemtoa Burundi au Kalemie?"

Castory angeomba radhi yakaisha. Wapi! Alirudi kwa Meshack, jina likafunikwa kwa mgebuka mnene, kwa heshima ya biashara ya Leonia. Mgebuka akatoka na sura ya nyoka, na makuli wakaanza kumwita Castory Mganga. Ikabidi nyoka atiwe maji pande zote ili ajulikane kuwa ni samaki. Maji yakataka boti. Boti likaonekana limetelekezwa, likawekewa nahodha, na Castory akaapa kwamba nahodha yule ni Mzee Dismasi. Mzee mwenyewe angemwona angedai fidia.

Mkono wa kulia ulipojaa, wa kushoto ukaonekana mtupu, kama mtu aliyetoka nyumbani bila shati. Hapo sababu hazikumwishia tena: moyo wa Leonia kifuani, ua la Leonia kiwikoni, taji la Leonia shingoni. Kila mchoro ulikuwa wa mwisho. Na kila mchoro ulivimba ukatoa majimaji, na mtu haendi ukweni amevimba. Baba yake mdogo, aliyekubali kuwa mshenga, akawa anavaa koti na kulivua.

Ukweli, ambao Castory hakumwambia mtu, ni kwamba alishanogewa. Kuli hatazamwi usoni; watu hutazama mzigo wao tu, usilowe. Sasa abiria wa boti walikuwa wanamsimamisha, wanamgeuza huku na huku, wanauliza hii nini, na hii je. Alijisikia mtu. Michoro ikizoeleka maswali yanapungua, basi jioni anarudi kwa Meshack.

Siku moja kabla ya Jumatano ya Majivu, Leonia akashuka Kibirizi. Alimkuta kifua wazi, akamzunguka taratibu akimkagua.

"Hivi vyote vya nani?"

"Vyako wewe, mama. Kuna cha mwingine hapo?"

"Jina langu liko wapi?"

Castory akajitazama mikono, kifua, mpaka tumbo. Kote kumejaa. Kisha uso ukamng'aa.

"Mgongoni pana nafasi kubwa tu."

"Mgongoni unabebea viroba vya dagaa, Castory. Mimi ndiyo nikae chini yake?" Hakupandisha sauti. "Baba amekusubiri Jumapili zote hizi, kanzu imepigwa pasi. Leo asubuhi amempokea mshenga wa Bariki."

Bariki ni fundi wa injini za boti. Alama aliyonayo mwilini ni kovu la chanjo, basi, na hata hilo hajui limekaa bega gani. Baada ya Pasaka wakafunga ndoa. Castory alilia nyuma ya viroba, mchana kweupe, na hakuna aliyemcheka.

Bado yupo pale mwaloni. Abiria wa Burundi wakimsimamisha kuuliza, anawaeleza michoro yote, mmoja baada ya mwingine, na kila maelezo yanaanzia kwa Leonia. Wakimuuliza Leonia mwenyewe ni yupi humo, anainama na kubeba kiroba kinachofuata.