Figo Kwanza, Sabuni Baadaye

Jumamosi niliingia duka moja la mtaa wa Kanyosha kununua sabuni. Binti wa mwenye duka alikuwa kwenye kaunta, kitabu cha biolojia mikononi, akisoma ukurasa uleule tena na tena. Mtihani ulikuwa Jumatatu.

"Mama, mi nasahau yote."

"Apana," mama yake akamjibu. "Elezea huyu baba figo zinafanya kazi gani. Sabuni atapata kisha."

Akanieleza, akikwama-kwama. Bibi mmoja nyuma yangu akasema, "Rudilia, mi sijaelewa." Binti akarudia, kitabu kimefungwa, bila kukwama. Foleni ilifika mlangoni na hakuna aliyenung'unika.

Jumatatu jioni nilirudi kuchukua sabuni niliyoisahau.

"Figo zilikuja kwenye mtihani, baba. Asante," binti akaniambia.

Mimi ndiye namshukuru mama yake. Enzi zangu za mitihani nilijifungia chumbani na hofu yangu. Yeye hofu ya mwanawe aliigawa kwa foleni nzima.