Nyuki Waliovuka Mto Bila Kibali

Bi Mizinga alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: hakujua kusema uongo. Miaka ishirini aliyoshona nguo barazani kwake, wateja hawakukimbia mkasi wake, walikimbia mdomo. Bibi harusi mmoja alimwuliza kama gauni limempendeza, akajibiwa, "Gauni limependeza, ila wewe umelibana." Macho yalipoanza kumchoka, Bi Mizinga akafunika cherehani na kuhamia kwenye mizinga mitatu aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mitatu ikawa kumi, kumi ikawa arobaini, imepangwa nyuma ya nyumba kwenye mteremko unaoshuka hadi mtoni. Nyuki, alisema, hawakuulizi kama wamependeza.

Mto ule ndio mpaka. Ng'ambo ni nchi nyingine, na huko ndiko aliko mdogo wake, aliyeolewa na mwoka mikate mwenye kitambi na maneno mengi. Shemeji huyo aliitamani asali ya Bi Mizinga miaka nenda rudi, lakini ushuru wa forodha ulikuwa mkali mno. Asali ikifika kwake ingekuwa ghali kuliko dawa ya hospitali. Kwa hiyo Bi Mizinga akienda kumwona mdogo wake, mara mbili kwa mwaka, alibeba chupa moja tu mkobani.

Ndipo marais wawili wakaonekana kwenye televisheni wakishikana mikono mpaka wapiga picha wakachoka. Mkataba wa biashara huria ulikuwa umetiwa saini. Shemeji akapiga simu hata hajamaliza kutafuna.

"Shemeji! Asali imo! Ipo kwenye orodha, katikati ya amira na bawaba. Hakuna ushuru tena! Niletee ndoo thelathini."

"Nije nazo tu hivi hivi?"

"Aa, unahitaji cheti cha uasili wa bidhaa. Karatasi ya kuonyesha asali ni ya kwenu kweli, si ya kununua kwa watu wengine ukaja kuipitisha hapa. Dakika tano tu."

Zilikuwa dakika tano za wiki sita.

Kwenye ofisi ya forodha alimkuta kijana mwembamba mwenye tai inayopita mshipi, ambaye wenzake walimpachika jina la Kipengele kwa sababu hakupumua bila kutaja kipengele cha sheria. Kipengele akampa fomu. Swali la nane liliuliza: malighafi imetoka nchi gani? Bi Mizinga akatafuna kalamu. Malighafi ya asali ni maua. Upande wake wa mto ulikuwa mawe na nyasi kavu. Ng'ambo vilima vizima vilikuwa vya manjano kwa alizeti. Akaandika: "Ng'ambo. Nyuki wangu wanakula huko, wanalala hapa."

Kipengele alisoma mara mbili. "Mama, hapa watu wote huandika 'hapa hapa'."

"Wanawajua nyuki wangu?"

"Hapana."

"Basi wanajuaje wanakokula?"

Kijana akakuna kichwa. Jibu likishaandikwa kwa wino, alisema, haliwezi kufutwa, lazima likaguliwe. Kesho yake akaja mtoni na darubini, kigoda na daftari, akaketi kuhesabu nyuki. Kati ya mia moja waliotoka mizingani, tisini na mmoja walivuka mto. Wa tisini na mbili akamchoma sikioni.

"Pole, mwanangu," Bi Mizinga alisema, akimchomoa mwiba kwa ukucha. "Ni hayo manukato yako. Ungeniuliza ningekwambia."

Barua ikaja baada ya siku nne. Asali haikuwa ya nchi hii. Zaidi ya hapo, ofisi ilikuwa inatafakari kama nyuki husika wanaingiza mbochi, yaani yale maji matamu ya maua, bila kibali. Shemeji naye akaenda kuuliza kwao, akaambiwa asali imetoka kwenye mizinga ya kigeni, kwa hiyo si yao.

"Sasa ni ya nani?" alifoka kwenye simu. "Ya mto? Shemeji, nakuomba, chukua fomu mpya. Andika 'hapa hapa'. Maneno mawili tu!"

Mdogo mtu akapokonya simu. "Dada, fanya hivyo. Nimekumiss."

Hilo lilimwingia. Alichukua fomu mpya, akaketi mezani, akaandika "hapa", akaitazama ile "hapa" hadi chai ikapoa. Akaichana fomu. Uso ulimwaka kana kwamba kuna mtu aliyemwona. Asubuhi akavaa viatu vya kutokea, akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa ofisi, mwanamke mnene mwenye miwani ya mnyororo.

"Mkataba wenyewe naruhusiwa kuusoma?"

Mkuu alishangaa. Hakuna aliyewahi kuomba. Akaletewa kitabu kinene kama mto wa kulalia, na Bi Mizinga akakipitia kwa kidole kama anavyopima kitambaa, bila kuruka hata mstari. Saa saba mchana kidole kikasimama. Akasoma kwa sauti: bidhaa ni ya nchi husika ikiwa ni "mazao ya wanyama hai waliofugwa humo."

"Waliofugwa," alisema. "Haiulizi wamekula wapi."

Kipengele, sikio lake bado kama andazi, akainua kidole. "Bosi, nyuki si mnyama. Ni mdudu."

Ofisi tatu zikaacha kazi. Karani mmoja akaapa kwamba mnyama lazima awe na miguu minne. Mfagizi akauliza, "Na kuku?" Mkuu akafungua kurasa za mwisho, penye maana za maneno: mnyama ni kiumbe hai chochote kisicho mmea.

"Kwa maana hiyo hata wewe umo," alimwambia Kipengele, akapiga muhuri.

Ndoo thelathini zilivuka daraja Jumanne kwa kigari cha kukodi, Bi Mizinga mbele kando ya dereva, cheti mapajani. Shemeji alizipokea kwa vigelegele vya peke yake. Siku hizi Bi Mizinga anapeleka asali kila mwezi, na akifika halali usiku mmoja kama zamani, analala mitatu. Yeye na mdogo wake huketi kwenye magunia ya unga wakipiga soga mpaka mikate iungue na shemeji alalamike.

Naye Kipengele alirudi mtoni, safari hii bila tai, kuomba afundishwe ufugaji. Sasa ana mizinga miwili, ameiweka kando ya lango la nyumba yake. Mama mkwe wake amepunguza sana kumtembelea, na hadi leo hakuna malalamiko yaliyowasilishwa.