Muhuri Niliogonga Bila Kutazama

Ipo asubuhi moja ya mvua za kwanza, mwanangu, ambayo sijaisahau hata siku moja.

Nilikuwa kijana, mkaguzi wa serikali hapa mjini Likasi. Kila lori la asidi nililitazama kabla halijatoka kiwandani: bomba la nyuma linavuja? Pipa la maji ya kumwoshea mtu akirukiwa lipo? Nikiridhika nagonga muhuri, kashe kama tunavyouita. Bila kashe, lori halipiti getini.

Miaka ile nchi ilikuwa imeanguka. Mshahara ulikuwa hadithi, na sisi watu wa ofisi tuligeuka wakulima. Shamba langu la mahindi lilikuwa upande wa Kakontwe. Mvua iliponyesha, nikagonga muhuri kwenye rundo la karatasi tupu za ruhusa, nikamwachia karani wa getini, nikachukua jembe. Nilijiona mjanja kweli. Mpumbavu mimi!

Siku ya tatu jirani yangu Shabani, dereva, alipeleka asidi Kambove. Njiani bomba likazidi kuvuja. Akashuka kulikaza, likafyatuka, asidi ikamrukia usoni. Pipa la maji halikuwepo. Mtu alishalibeba kwake. Mpaka mwenzake wa garini anarudi na maji kutoka mtoni, macho yalikuwa yamekwisha.

Nilimkuta hospitalini, kichwa kizima bandeji. Nilitamani anitukane. Akasema polepole, kwa Kiswahili chetu cha huku:

"Ndugu, asubuhi miye naliona bomba inatona. Nikakatala kwenda. Balinionyesha karatasi, iko na kashe yako. Nikasema, kama weye uliangalia, basi iko muzuri."

Hakuna aliyenishtaki, maana karatasi zote zilikuwa sawa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Kila Ijumaa mkewe alimshika mkono kumpeleka msikitini, wakipita mlangoni kwangu, naye Shabani akinisalimu.

Mwanangu, sasa unaanza kazi hiyo hiyo. Watakuambia sheria za asidi ni makaratasi tu, na mshahara mdogo unastahili kazi ndogo. Usiwasikilize. Silaumu jembe, njaa ilikuwa ya kweli. Ningekwenda shamba na kuufungia muhuri kabatini, lori lingelala, na Shabani asingepoteza macho. Kama hukutazama, usigonge. Kuna mtu atakayeliamini jina lako kuliko macho yake mwenyewe.

Mungu akupe ujasiri wa kusema hapana pale getini, na uzeeni akupe usingizi ambao mimi sina.