Mji wa Kioo Hawaufiki

Bi Hafswa ana ugomvi na mtu ambaye hajawahi kuonana naye. Mtu mwenyewe ni Mzungu, mtunzi wa vitabu, na picha yake iko nyuma ya jalada: ndevu nyeupe, kofia ya sufu, uso wa mtu aliyeshiba na asiye na haraka. Wala hana habari kwamba huku Likoni, Mombasa, kuna mama wa miaka sitini na tatu anayemsema kila siku baada ya sala ya alasiri. "Mtazame," humwambia mumewe, akimwonyesha ile picha. "Kakaa kitako anakunywa chai yake, na sisi huku twangoja. Kwani hana mtu wa kumwambia basi, yatosha?"

Mumewe, Mzee Ihsan, hajibu. Hajamjibu mtu yeyote tangu mwezi wa Shaaban, kiharusi kilipompata pale mlangoni, kiatu kimoja amekivua na kimoja bado. Mkono wa kulia ulilala, mguu ukalegea, na ulimi ukakataa katakata. Na huyu, jamani, alikuwa mkalimani wa mahakama miaka thelathini na moja! Mwizi, shahidi, wakili na hakimu, wote maneno yao yalipitia kinywani mwake. Sasa akitaka maji huyatazama maji mpaka mtu aelewe.

Asidhaniwe Bi Hafswa kuwa ni mtu wa kunung'unika tu. Kila asubuhi akimfuta mumewe uso husema alhamdulillahi, na huisema kwa sauti ili naye aisikie. Anashukuru kwamba anakula. Anashukuru kwamba anawatambua watu wote, na kwamba upande wa kushoto wa mdomo bado unacheka. Anamshukuru Jumwa, jirani yake wa ukuta mmoja, Mgiriama wa Kaloleni muuza mahamri, aliyeliacha karai lake motoni siku ile na kumbeba mzee begani kama gunia la nazi mpaka kwenye gari. Mahamri yaliungua yote. Jumwa hajayataja mpaka leo.

Ila vitabu! Hapo ndipo shukrani humwisha.

Ukitaka kujua ukweli, aliyeileta balaa hiyo nyumbani ni yeye mwenyewe. Bi Hafswa alifanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ya Shelly Beach kwa zaidi ya miaka ishirini, na Kizungu chake alikipata pale pale mezani, kwa kuwaambia wageni chumba chao kiko wapi na kwa nini maji hayatoki. Wageni wakiondoka waliacha vitu: mafuta ya jua, ndala, vitabu. Meneja alisema vitabu vichukuliwe na anayevitaka. Binti yao Lamis alikuwa bado ananyonya siku ile Bi Hafswa aliposhika kitabu kinene kama tofali, chenye joka na upanga juu yake, akakitia mkobani akisema huyu bwana wangu apenda kusoma, nimpelekee ajiliwaze.

Mzee Ihsan alijiliwaza mpaka alfajiri. Kesho yake aliuliza, "Cha pili kiko wapi?" Basi Bi Hafswa akawa mwindaji wa vitabu vya wageni. Akiona mtu amekaa kando ya bwawa na kitabu chenye joka, humhesabia siku zake za kuondoka. Cha pili kilipatikana. Cha nne kikaja kabla ya cha tatu, na mzee akakifungia kabatini asije akakichungulia. Lamis akaingia shule, akamaliza, akaolewa, akahamia Kiembeni, na bado hadithi haijesha. Baina ya cha tisa na cha kumi ilipita miaka saba. Mzee Ihsan alikuwa akisubiri vile watu wengine wasubirivyo mwezi kuandama.

Cha kumi na moja kilitoka mwaka huu. Lamis alikiagiza, kikafika na kurasa mia tisa, na kikamkuta baba yake hana tena uwezo wa kusoma. Herufi zilimchezea machoni. Alikishika kwa mkono wa kushoto, akakitazama, akalia.

Mtaalamu wa matamshi, msichana mmoja mpole aitwaye Maryanne, ndiye aliyesema, "Msomee, mama. Msomee anachokipenda. Halafu uwe unanyamaza kidogo, umwachie nafasi. Neno likitaka kutoka, lipate mlango."

Hivyo Bi Hafswa akaanza. Kitabu ni cha Kizungu, na kumsomea mumewe Kizungu nyumbani alikuona ni kama kumwamkia mgeni. Akawa anakitia Kiswahili hapo hapo, sentensi baada ya sentensi, na kila ukurasa ukiisha ananyamaza na kungoja. Mwezi wa kwanza alifanya kwa moyo mmoja. Mwezi wa pili akaanza kuuliza maswali.

"Hebu nambie, Baba Lamis. Hawa watu si walitandika farasi kwenda huo Mji wa Kioo tangu kitabu cha tatu? Ndivyo ulivyonihadithia mwenyewe, mimi nimembeba Lamis mgongoni. Leo Lamis ana mtoto, na hata paa la huo mji hawajaliona! Njia gani hii? Wamepotea, au wanatembea kinyumenyume?"

Kila wakikaribia, mvua yanyesha. Mvua ikikatika, atokea mfalme mwingine mwenye jina refu, na yabidi aelezwe babu yake alikuwa nani. Kurasa kumi na nne, wallahi, zilikwenda kwenye karamu moja tu, sahani baada ya sahani, na mwisho wake hakuna aliyetiwa sumu wala aliyeposa. Bi Hafswa alikifunga kitabu kwa kishindo. "Kula wamekula wao, kuchoka nimechoka mimi!"

Lakini kilichokuwa kikimla ndani hakikuwa karamu. Maryanne alikuwa amemwambia, kwa upole wake, kwamba miezi ya mwanzo ndiyo yenye matumaini zaidi, na sasa ulikuwa umeingia wa nane. Kama mpaka mwisho wa mwezi hapatakuwa na neno, hata moja, ingekuwa afadhali mzee azoeshwe ubao wa picha. Aliutoa mkobani akawaonyesha: kikombe, kitanda, choo, uso wa kucheka na uso wa kulia. Mtu anaonyesha kwa kidole, anapewa. Mzee Ihsan aliutazama ubao ule, kisha akageuza uso ukutani.

Bi Hafswa aliona. Usiku alilia jikoni, kimya kimya, maji ya bomba yakimwagika ili asisikike. Mtu aliyekuwa akiyapima maneno ya watu mbele ya hakimu, leo aonyeshe kidole picha ya choo! Hakuomba makubwa. Hakuomba mkono wala mguu. Aliomba neno moja, lolote lile, hata liwe baya.

Zikabaki siku tano mwezi uishe, na siku hiyo uvumilivu wa Bi Hafswa ukafika mwisho. Walikuwa barazani, kitabu mapajani, ukurasa wa mia sita na kumi. Mvua ilikuwa ikinyesha tena kitabuni. Mwana wa mfalme, Orvin, kijana wa miaka ishirini mwenye mabega mapana na upanga wa kurithi, alikuwa amesimama chini ya mti akiwazia utoto wake. Mti nao ukaanza kuelezwa.

"La," Bi Hafswa akasema moyoni. "Leo twafika."

Akaanza kuruka. Aliruka mti, akaruka utoto, akaruka mvua na farasi aliyeteguka mguu. Alifunua kurasa kwa mafungu, jicho likidaka mstari huku na mstari kule, mdomo ukiziba mapengo. Hakunyamaza tena kumwachia mtu nafasi, na nafasi ya nini, miezi minane! "Basi wakatembea, wakatembea, mara wakauona mji," akasema, na hilo alilitunga mwenyewe, Mungu amsamehe. Mzee Ihsan akagutuka. Mkono wake wa kushoto ukaanza kugonga ubao wa kiti. Bi Hafswa akajifanya hasikii. Akawapitisha langoni, akawapandisha ngazi, akawafikisha mbele ya kiti cha enzi ambapo mfalme mzee alikuwa yu katika kukata roho. Jicho lake likadaka mahali mfalme anapomwita mwanawe, na kijana anamwitika.

Sasa, Kizungu hakina taabu hapo. Kina "yes" moja, aitumie nani na nani. Bi Hafswa, kwa haraka yake, akafungua mdomo na kutoa kile ambacho yeye mwenyewe amewaitikia wazazi, shangazi na wakwe tangu alipojua kusema. "Mfalme akaita, 'Orvin, mwanangu!' Orvin akaitika, 'Abee, baba.'"

Lo! Mtu wa Mombasa haambiwi. Abee ni ya mwanamke. Mtoto wa kiume akithubutu kuitika abee, wenziwe watamcheka mpaka aoe. Na huyu alikuwa shujaa wa vitabu kumi na kimoja, na aliyekuwa akisikiliza ni mtu ambaye hata mahakamani aliwahi kumsimamisha wakili kwa kuvuruga ngeli, sembuse mkewe barazani.

Kiti kikalia. Mzee Ihsan alikuwa ameinama mbele, shingo imetutumka mishipa, macho yamemtoka. Mdomo ulifunguka upande mmoja, ukafumba, ukafunguka tena.

"Na... am," akasema.

Bi Hafswa akabaki na ukurasa mkononi.

"Naam!" Safari hii lilitoka zima, zito, limekwaruza kama mlango wa siku nyingi. Akaunyosha mkono wa kushoto, akakigonga kitabu pale pale penye kosa, na kwa jitihada iliyomtoa jasho akaongeza, "M'ume."

Mwanamume. Mwanamume huitika naam. Mzee hakushukuru, hakuomba maji, hakulitaja jina la mkewe wala la mwanawe. Alikuwa ameghadhibika, basi.

Na Bi Hafswa, badala ya kupiga vigelegele, akapandwa na hasira ambayo hakujua alikuwa nayo. "Miezi minane!" akapiga kelele. "Miezi minane nakuita, Baba Lamis, asubuhi na jioni, nakuita kwa jina lako, nakuita kwa jina la mwanao, huitiki! Leo mtoto wa mfalme wa Kizungu, mtu ambaye hata hakuzaliwa, nimemkosea itikio moja tu, ndiye wamwitikia?"

Mzee Ihsan akamtazama. Upande wa kushoto wa mdomo ukaanza kucheka. Bi Hafswa naye akacheka, na katikati ya kucheka akalia, akakishika kile kichwa cha mumewe chenye mvi akakibana kifuani, kitabu kikaanguka chini na picha ya Mzungu ikawatazama kutoka sakafuni.

"Mungu akuweke," Bi Hafswa akaiambia ile picha huku akijifuta kwa ncha ya leso. "Mungu akupe umri. Andika mpaka ishirini, baba, usifike popote!"

Kisha akakiokota kitabu, akaketi, akarudi palepale kwenye mti, ukurasa wa mia sita na kumi, kwa kuwa mkono wa mumewe ulikuwa tayari umezirudisha kurasa. Akasoma kila jani la mti ule. Na kwa makusudi kabisa, akitazama juu ya miwani, akamfanya jenerali mwenye ndevu hadi kitovuni aitwe na malkia, na akaitika kwa sauti nyororo, "Abee, bibi."

"Naam!" mzee akafoka, na kiti kikalia tena.

Kelele zile zilimfikia Jumwa upande wa pili wa ukuta. Alikuja mbio, mikono imejaa unga mpaka viwikoni, moyo wake ukimwambia mabaya. Alimkuta jirani yake machozi yanamtiririka.

"Kuna nini, Mama Lamis? Mzee kafanyani?"

Bi Hafswa alimshika ule mkono wenye unga.

"Kanigombeza, Jumwa," akasema. "Alhamdulillahi, mume wangu kanigombeza."