Kadi ya Kijani ya Mama Atieno

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha samaki Kisumu, msimamizi wa zamu alinipa gambuti, aproni na kisu chembamba. "Wewe uliyekimbia shule," akasema, "hapa mwalimu ni mbuta." Nilikuwa nimeshapakia mchanga Nyamasaria na kupima samaki Asembo Bay, sikuwa mtu wa kukaa mahali. Lakini kazi ya kisu ilinikamata. Unampasua mbuta, yaani sangara, nyuma ya shavu, unafuata uti hadi mkiani, mnofu unatoka mzima. Mifupa inayobaki, iitwayo mgongo wazi, hununuliwa na akina mama wa kukaanga. Maji yana barafu, vidole hufa ganzi. Hujui umejikata mpaka uone damu.

Nilipofanywa kiongozi wa meza, meneja wa wafanyakazi alileta mafunzo ya utulivu. Kila asubuhi tulifumba macho, tukavuta pumzi, kisha kila mtu akatundika kadi ubaoni. Kijani, niko sawa. Nyekundu, nina mzigo moyoni. "Mfanyakazi anayesikilizwa hufanya kazi kwa moyo," alisema. Nilimwamini, nikamuuliza maswali hadi akachoka nami.

Wiki hiyohiyo mwenzetu Odhiambo alitundika nyekundu. Akarudishwa nyumbani apumzike, bila malipo. Tangu hapo ubao ukawa kijani kama mpunga wa Ahero.

"Bwana, hii dini ya kupumua imetuponya sisi wote!" Odhiambo alinicheka aliporudi.

Kisha Mama Atieno wa meza yangu akarudi kutoka kumzika mwanawe. Akatundika kijani. Nikaona amefunga aproni kinyume.

"Mama, uko sawa?"

"Kadi si umeiona?"

"Nimeiona."

"Basi lete samaki."

Nikampa.

Kabla ya saa sita maji ya meza yalikuwa mekundu, naye bado anakata. Vidole vyake viwili havikukunjika tena, na kiwanda kikamwachisha kazi. Meneja aliniuliza swali moja tu: "Alitundika rangi gani?"

"Kijani."

"Basi tulimsikiliza." Akaandika, nikatia sahihi.

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza, nawaambia kuvuta pumzi ni kuzuri. Hata mimi huvuta. Lakini siku ile kulikuwa na kazi ya kukunja maboksi chumba cha pili, haina kisu. Kumpeleka mtu huko hakukuhitaji kadi wala meneja. Ilitosha mimi, kiongozi wa meza, kusema, "Mama, leo nenda maboksi." Sikusema.