Mbao za Daraja Zilizokuwa Chini ya Kakao

Nimefundisha Uraia na Maadili kwa miaka tisa, na katika miaka yote hiyo sijawahi kuwauliza watoto jina la mwenyekiti wa kijiji chetu. Mwenyekiti ni baba mkwe wangu. Kwa Wanyakyusa wa nyumba kama yetu, mkamwana hatamki jina la baba mkwe, hakutani naye uso kwa uso, na akimwona anakuja njiani huingia kwenye migomba mpaka apite. Wengi siku hizi wameiacha mila hii, hasa wa kule Mbugani, Kyela mjini, ila nyumba niliyoolewa mimi hawajapata taarifa. Nimesimama kwenye migomba na madaftari, nimesimama na mimba, na safari moja nilisimama na mkaguzi wa shule, naye akajibanza pembeni yangu bila kujua tunamkimbia nani.

Kwa hiyo tukifika mada ya serikali ya kijiji, naandika ubaoni "mwenyekiti", nawahi kufuta.

Watoto wenyewe hawana shida, maana wanakariri. Waulize haki za raia, darasa la sita zima watakuimbia kama kwaya ya Pasaka: kuishi, kuelimishwa, kutoa maoni! Halafu mwambie mmoja asimame atoe maoni yake, ataanza kuhesabu vidole vyake vya miguu. Jambo hili lilinikera mpaka nikanyoosha mkono kwenye kikao cha walimu. Nikasema tuache kuwalisha watoto kitabu. Tuwaite viongozi darasani, waulizwe maswali ya kweli. Nilikuwa namfikiria mtendaji wa kijiji, kijana mpole ambaye si mkwe wa mtu yeyote.

Na swali la kweli lilikuwepo. Mvua za kwanza za masika zilikuwa zimebeba daraja la miti kwenye kijito nyuma ya shule. Watoto wa ng'ambo walivuka maji yakiwafika kiunoni, mikoba kichwani, na kijito kikijaa hawakuja kabisa. Msichana mmoja wa darasa langu, mwenye akili kuliko mwalimu wake, alikuwa amekosa masomo wiki tatu. Kijiji kilishapasua mbao za daraja jipya, lakini mbao hazikuonekana kijitoni. Mimi nilijua zilipo. Zilikuwa uani kwa baba mkwe, zimelazwa juu ya magogo, zimekuwa kichanja cha kuanikia kakao. Nilijua kwa sababu kila asubuhi, mzee akishatoka, aliyeianika kakao hiyo ni mimi.

Siku ya kipindi ikafika. Mtendaji alikuwa ameitwa kwenye msiba Katumba Songwe, akaona asituangushe, akatutafutia mtu wa kukaa badala yake. Mwalimu mkuu, ambaye ni mtu wa kuja na mila zetu hazijui, akaingia darasani anatabasamu.

"Tumepata mkubwa zaidi," akasema. "Anakuja mwenyekiti mwenyewe!"

Nikaona kofia ya baba mkwe dirishani. Kabla kofia haijafika mlangoni nilishatoka kwa mlango wa nyuma, niko ofisini. Mwalimu mkuu akanifuata.

"Mwalimu, mgeni amekaa. Kipindi ni chako."

"Nitafundishia hapa hapa."

"Ofisini?"

"Ukuta wa kati yetu na darasa haufiki juu. Watanisikia."

Akabaki mlangoni, akigeuza shingo huku na huku. Watoto hawakushangaa hata kidogo. Wote wana mama zao na babu zao. Nikapaza sauti wamsalimie mgeni, wakamsalimia, kisha nikasema anayetaka kuuliza aulize. Nilitegemea kimya cha siku zote. Lakini yule msichana wa ng'ambo, aliyebahatika kuvuka asubuhi hiyo, akasimama. Niliijua sauti yake.

"Shikamoo. Mbao za daraja letu ziko wapi?"

Baba mkwe akakohoa. "Marahaba. Zipo. Zimehifadhiwa."

"Wapi?"

"Mahali pakavu."

Darasa likaangua kicheko, maana Kyela wakati wa masika, mahali pakavu ni habari mpya. Mzee akapandwa na hasira.

"Mwambieni mwalimu wenu awafundishe heshima kwanza!"

Kiranja akapaza sauti juu ya ukuta: "Mwalimu, mgeni anasema utufundishe heshima kwanza!"

"Mwambieni mgeni wetu heshima tuliimaliza mwezi uliopita."

Wakamwambia, tena kwa furaha. Nami nikaanza kujiona mjanja, mpaka yule msichana akauliza tena.

"Mwalimu, na wewe hujaziona?"

Niliogopa, sitaficha. Nyumba ninayolala iko ndani ya shamba la mzee, na mume wangu ni kitinda mimba wake. Neno lake moja tu lingetosha kunirudisha kwetu Talatala na godoro langu kichwani. Na upande wa pili wa ukuta walikuwepo watoto sitini na kitu niliowaambia kila wiki kwamba raia mwema husema kweli. Nilishika nondo za dirisha kwa mikono miwili.

"Nimeziona," nikasema. "Ziko chini ya kakao. Na mwanikaji ni mimi."

Kisha mzee akasema taratibu, "Mwambieni mwalimu wenu, tangu aingie nyumbani kwangu, leo ndiyo mara ya kwanza nasikia sauti yake."

Kiranja alipomaliza kuufikisha ujumbe huo, mwalimu mkuu alininong'oneza, "Ni kweli?"

"Miaka kumi na moja," nikamjibu.

Jioni nilingoja kufokewa, na hapo ndipo nikagundua kwamba mila iliyonizuia kumsalimia mzee ilimzuia na yeye kunigombeza. Hasira yote ilibidi ipitie kwa mama mkwe, naye ni mama wa maneno machache.

"Baba yako anasema kesho usianike kakao," akasema, akaondoka.

Nikaanza kukunja vitenge vyangu. Mume wangu akauliza nakwenda wapi, nikamwambia sijui bado, aulize kwao.

Asubuhi kakao ilikuwa chini, kwenye mikeka chakavu, na pale uani yamebaki magogo matupu. Nilipokaribia shule nikasikia nyundo kijitoni. Wanaume walikuwa wanapigilia mbao, na katikati yao ikaonekana kofia, tena inakuja upande wangu. Nikaingia kwenye migomba na madaftari yangu, nikaipa njia mgongo kama kawaida. Hatua zikasimama karibu kabisa.

"Migomba ya hapa," mzee akasema, hakumwambia mtu, "siku hizi inasema."

Akapita. Nilicheka humo ndani mpaka nikachelewa kengele.

Wiki iliyofuata msichana wa ng'ambo aliingia darasani sketi kavu, viatu miguuni. Nikampongeza mbele ya wenzake, nikaeleza jinsi raia anavyodai haki yake, nikaeleza vizuri sana. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, zile mbao ulijua ziko pale tangu lini?"

"Tangu zilipopasuliwa."

"Sasa mbona ulingoja mpaka nikuulize?"

Nilimwambia akae. Akakaa, lakini mkono hakuushusha.